Nyuzi Tisini na Mbili

Dukani Kajaani, Jumanne, theluji ikiyeyuka kwenye buti zetu,
Ilpo wa kaunta anapanga vipande vitatu mbele yangu
kama mtu anayegawa karata.
Baba amesimama nyuma, mikono mfukoni,
anakagua misumari asiyoihitaji.

"Hii akriliki," Ilpo anasema. Nyepesi, ang'avu,
bei yake inabembeleza.
"Hii polikaboneti: ipige nyundo, itakucheka."
Na cha tatu ni kioo, milimita nane,
kizito kama neno ambalo nyumbani kwetu
halijatamkwa tangu Januari.

Baba: "Sauna ya baba yangu haikuwa na dirisha.
Mama alinizaa humo gizani, na giza halikumdhuru."
Kweli. Na humohumo tulimwosha mara ya mwisho,
benchi ya chini, maji ya uvuguvugu, bila neno.
Mlango wa mbao ulijua kutunza siri.
Ulitunza hata ya Januari:
yeye sakafuni, shavu juu ya ubao,
mimi jikoni namenya viazi,
nikidhani bado anafaidi mvuke.

Nikavibeba vipande vyote vitatu. Rahisi huvunja upishi,
lakini nilitaka nione upishi unavyovunjika.
Jioni nikavilaza benchi ya juu, nikachochea kuni za mbetula,
kipimajoto kikapanda: sabini, themanini,
tisini na mbili.

Akriliki ndiyo iliyoanza. Ilikunja sikio,
kisha mgongo,
kama jani la kabeji lililotupwa kwenye maji ya moto.
Harufu yake ilinikaa kooni hadi usiku wa manane.

Polikaboneti ilivumilia, sikatai,
ila upande uliokabili jiko
ukafanya mtoto wa jicho.
Hiyo itakwenda barazani, ikinge theluji,
ilinde taulo na ndoo. Si kila mvumilivu
awekwe karibu na moto.

Kioo kilikaa.
Nilikimwagia kata ya maji ya ziwa,
yaliyotoka chini ya barafu dakika ileile,
nikafumba macho.
Kikalia tss. Basi.

Asubuhi nikampigia Ilpo. Alikuwa anakula, nilisikia.
"Kimetiwa moto, kikapozwa ghafla kwa upepo,
ndiyo maana hakishtuki.
Siku kikifa, hufa punje punje,
hakiachi kisu nyuma.
Lakini kikishapikwa hakikatwi tena, hata kwa upana wa unywele.
Pimeni vizuri."

Na Baba, aliyeapa kwamba hataki,
ndiye aliyekwenda kutafuta futi yake ya mbao
yenye tarakimu zilizofutika nusu.
Alipima mara nne. Akanisahihisha:
"Milimita tatu kila upande, pengo.
Kitu kikipata joto kinataka pa kutanukia."
Nikaandika tatu.
Kishikio akachonga mwenyewe, kwa msonobari,
maana chuma kingetubabua viganja,
akakipiga msasa siku mbili nzima,
akilalamika siku zote mbili.

Leo Jumamosi. Nimekaa barazani na soksi za sufu,
nyuma ya plastiki inayopokea theluji kimya kimya.
Mlango mpya umejaa mvuke, mweupe juu hadi chini.
Euro mia nne na thelathini, na ninachokiona ni wingu.

Nahesabu hadi sitini.
Nainuka, nakaa.
Nahesabu tena, haraka zaidi.

Halafu kiganja kinafuta duara dogo upande wa ndani,
na katika duara jicho,
jekundu, lenye hasira,
likiniuliza natazama nini.

Natazama viazi vyangu.
Namenya.