Ufa wa Makusudi

Mimi Mhina, mwashi, nimejenga Tanga miaka thelathini na moja:
misikiti miwili, baa moja (Mungu anisamehe),
na nyumba za Ngamiani ambazo idadi yake imenitoka.
Sijapata kulipwa kwa kutoweka kitu
hadi alipokuja Mwantumu Shekiondo
na karatasi yenye mistari minne.

"Mingine iko wapi?" nikamuuliza.
"Mingine ipi?"
Nikadhani mashine ya kuchapia imeishiwa wino.

Kiwanja ni cha Bi Zaujia, Chumbageni,
muuguzi mstaafu wa Bombo, mkono mwepesi wa sindano,
ambaye kiinua mgongo chake alikiota miaka mingi
kikiwa na nguzo za mviringo, simba wawili getini,
dari ya jipsamu iliyokunjwakunjwa kama shuka la harusi.
Mwantumu alimsikiliza mpaka chai ikapoa.
Kisha akafuta simba.
Kesho yake, nguzo.
Keshokutwa akauliza, kwa adabu,
dari inamficha nani.

Sasa niwaambie siri ya ufundi wetu,
maana nimezeeka na sina wa kumwogopa:
nakshi ni mchanga wa paka.
Kona ikipinda, unabandika ua la plasta.
Sakafu na ukuta visipopatana,
unapitisha ubao katikati, unavisuluhisha.
Ukuta mtupu hauna msuluhishi.
Jua la asubuhi linaupitia ubavuni
na kila kigugumizi cha mwiko wangu kinasomeka
kama barua iliyofunguliwa barazani.

Ule wa magharibi niliubomoa mara mbili.
Mara ya tatu Kibwana, kijana wangu, alishika timazi,
mimi nikashika pumzi.
Mwantumu akapitisha kiganja pembe hadi pembe,
polepole, macho kayafumba.
Bi Zaujia, aliyekuwa amenuna wiki nzima,
akasogea, akaweka na chake.
"Hana homa," akasema.

Halafu likaja la ufa.
Wahenga walisema usipouziba utajenga ukuta;
huyu alinijengesha ukuta, kisha akaniambia: acha ufa.
Upana wa vidole vinne, toka sakafuni mpaka kenchi.
Na kioo?
Hakuna kioo.
Na mbu?
Wavu.
Na mvua?
Akanionyesha chini, kwenye ramani, kimfereji
chembamba kama alama ya ukucha juu ya unga.
Na mwizi?
"Awe mwembamba."

Nikauacha. Usiku ule sikulala,
mikono ilikuwa ikiziba gizani.

Bi Zaujia alihamia mwezi wa Rajabu.
Saa kumi na moja jioni mwanga uliingia ufani,
ukajilaza sakafuni, ukanyooka, ukarefuka,
ukafika kwenye vidole vya miguu yake,
ukapanda goti. Hakusogea.
"Saa hii," akasema, "nilikuwa navaa viatu vya zamu ya usiku."
Akanyamaza mpaka ukaondoka bila kuaga.
Tangu siku hiyo sikusikia tena habari za simba.

Ila siku ya nane alipigilia msumari.
Nilikuwa nje, nachanganya udongo wa bustani,
na kila pigo la nyundo lilinipata begani.
Kalenda ya duka la dawa!
Maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana,
katikati ya ukuta niliougombania na Mungu.

Mwantumu alipokuja nikajua leo patachimbika.
Akautazama msumari muda wa kumaliza kikombe kizima.
Akaomba futikamba.
Akapima toka sakafuni, akapima toka ufani,
akaandika, akaaga.

Ramani ya nyumba ya Sahare imenifikia jana.
Mistari mitatu safari hii.
Na kwenye ukuta mtupu wa sebule, nukta moja ya kalamu,
kando yake mwandiko mdogo uliolala:
Msumari. Aje aupige mwenye nyumba.
Mhina, usiuguse.