Dirisha Nambari Nne

Nikisema "karibu," husimama wawili.
Kila siku, pale Ruwi, ofisi ya bili za umeme:
mzee wa kilemba cha samawati
na kijana wa kampuni ya mabomba,
wote wamenyanyuka, karatasi mkononi,
nami nimemwita mmoja.

Jicho la kulia hunitii.
La kushoto lina safari zake,
hupanda kwenye kiyoyozi
kana kwamba mdaiwa yuko huko.

Mama alisema makengeza yatanitoka nikikua,
kama meno ya utoto.
Meno yalitoka. Nina miaka arobaini na mbili.

Picha ya kitambulisho: "Dada, tazama kamera."
Naitazama.
"Kamera, dada."

Arusini kwa kina Shinuna nilichagua kiti cha pembeni,
ukuta uwe kushotoni kwangu.
Na alipokuja mamake Harith kutoka Ibra, kuniona,
nilimimina kahawa nimeinamisha kichwa.
Wakaisifu haya yangu.
Kisha nikainua uso.
Kikombe cha pili hawakukigusa.

Shangazi Ghaniya, kwa mapenzi tu, akaninong'oneza:
vaa nikabu, mwanangu.
Nikacheka hadi nikashika ukuta.
Shangazi, nikabu hufunika kila kitu
isipokuwa kesi yenyewe.

Daktari wa Al-Khuwair alinipa fomu, maswali ishirini.
Je, unakwepa kutazamana na watu?
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Daima.
Kalamu ikatoboa karatasi.
Watu wa bima wakajibu kwa mstari mmoja: huu ni urembo.
Urembo!
Nikauza bangili mbili za bibi, zile alizotoka nazo Unguja,
nikalala chini ya taa.

Wiki ya tatu, jicho bado jekundu, punje ya komamanga,
nilibonyeza kengele: sitini na nne.
"Karibu."
Akasimama mmoja.
Mama mmoja, na bili ya miezi mitatu.
Jirani yake hakuinua hata shingo,
alikuwa na simu yake.

Nikamtazama yule mama. Naye akanitazama.
Tukapitisha kiasi cha adabu.
"Kuna tatizo?" akauliza.
"Hapana," nikasema,
na riali ngapi anadaiwa
nilikuwa nimeshasahau.