Rozela ndani ya Neli

Pumba tulizipata bure, Bahi, mashineni,
magunia mawili nyuma ya baiskeli ya Chilongola.
Tukazichoma hadi majivu yakawa meupe,
tukayachemsha na kostiki, ile ya wapika sabuni,
tukachuja kwa kipande cha kanga.
Yakatoka maji mazito kidogo, yenye utelezi wa mlenda.

Kiashiria cha dukani kiliisha tangu muhula wa kwanza.
Mbeleje akaleta rozela ya kwao,
iliyowekwa akiba kwa juisi ya kipaimara.
Tone la kwanza tu, wekundu ukafa,
ukawa kijani cha nyongo ya mbuzi.
“Imeharibika,” akasema.

Haijaharibika. Inasema ilipo.

Siki, tone kwa tone.
Kijani kikagoma,
kisha pale tone lilipogusa
zambarau ikafunguka, ikajifunga tena,
kama mtu aliyetaka kusema akajizuia.
Koroga. Tone la thelathini na moja. Koroga.
Zambarau ikabaki.

Tukaitazama rangi, na rangi imetulia,
kumbe chini yake kazi ndiyo kwanza inaanza:
chembe inamshika jirani,
jirani anamshika wa pili, hamwachii.
Chilongola akainamisha neli amwage.
Haikumwagika.
Ilitetemeka tu, kama uji uliolala.

Ijumaa hiyo tukamimina siki juu yake, tukafunga maabara.
Jumatatu wekundu ulikuwa umeshuka vidole viwili.
Jumanne, viwili na nusu.
Hauna haraka, hauna anayeusukuma,
na Mbeleje anauwekea alama kwa kalamu kwenye kioo,
kila siku mstari, kila siku mistari inakaribiana zaidi.
Alhamisi jeli ikatoa jasho, ikanywea,
ikaachana na ukuta wa neli.

Mama yake alikuja kudai rozela.
Akatazama, akauliza, “Na ikikauka je?”
Itakunywa unyevu wowote ulio karibu nayo.
Akacheka hadi akashika kiuno:
“Bahi hii, mwaka huu,
mnakaa kutengeneza kitu chenye kiu?”

Hatukuwa na jibu. Treni ya mizigo ilipita, neli zikagongana.

Wiki iliyofuata akarudi na kopo la maziwa ya unga,
ndani mbegu za uwele.
Za mwaka jana zilishika ukungu, alisema, zote.
Hakuomba msamaha kwa kicheko chake.
Aliuliza tu, vijiko vingapi.