Kabla ya Kugonga

Muhuri wangu una mpini wa mti uliopauka kwa jasho,
na mpira uliokunywa wino hadi herufi ya mwisho ya jina
imeanza kufanana na sifuri.
Kemuma Ombati, mwanajiolojia aliyesajiliwa.
Chini ya jina, nambari. Chini ya nambari,
karatasi tupu inayosubiri kubebeshwa nyumba.

Leo nimekuja kwenye bodi kulipia mwaka mwingine.
Ghorofa ya tano, lifti imelala.
Bi Chelagat anataka risiti, anataka saa za mafunzo,
anauliza kama mwaka huu kuna aliyenishtaki.
"Bado," nasema. Anacheka peke yake.

Jumatatu alinijia kijana wa Gichohi na bahasha mbili.
Ya kwanza ni ripoti, imeshachapwa, imeshajalidiwa,
kurasa arobaini za kiwanja cha Utawala
ambacho sijawahi kukikanyaga:
mashimo manne ya keekee, mita kumi na mbili kila moja,
mwamba imara, imara, imara,
neno limerudiwa kama mtu anayejitetea
kabla hajaulizwa.
Ya pili sikuifungua. Bahasha hujulikana kwa uzito.
"Mama, ni kugonga tu," alisema.

Kugonga tu.

Nikamwambia: nitagonga, lakini naanza na ardhi.
Nikamchukua Mutunga na mashine yake yenye kikohozi,
Mutunga ambaye cheti chake cha mwisho ni cha darasa la nane.
Udongo mweusi kwanza, ule unaovimba masika
na kiangazi ukapasuka hadi ukameza ndala ya mtoto.
Kisha changarawe nyekundu. Kisha jiwe.

Jiwe la mji huu hulia likipigwa nyundo,
kama reli iliyotundikwa shuleni badala ya kengele.
Mutunga akalaza sikio kwenye bomba.
Shimo la kwanza likalia. La pili likalia.
La tatu, mita ya saba, akainua mkono.
"Hapa limenyamaza, dada."

Tukavuta sampuli: kati ya lava na lava
tope la kijivu, laini kama uji wa mgonjwa,
kiziwa kilichofukiwa kabla hajazaliwa wa kukipa jina.
Na juu yake Gichohi amechora ghorofa nane,
duka la dawa chini, tangi la maji juu.

Mutunga ndiye aliyesikia. Mimi niliandika.
Sheria haimjui. Akitia saini yeye, ni kosa na faini;
nisipotia mimi, sikio lake ni upepo.
Nimepanda ngazi zote hizi nikijiuliza
ni nani kati yetu aliyesajiliwa na jiwe.

Hata hivyo nahesabu noti mbele ya Chelagat.
Kwa sababu usiku mmoja niliwahi kusimama kando ya kifusi,
askari akaomba kimya, jenereta zikazimwa,
mtaa mzima ukakata pumzi
ili tumsikie anayegonga kutoka chini.
Aligonga mara sita.
Asubuhi walipoitafuta ripoti ya udongo
ilikuwa na picha za rangi, haikuwa na jina.

Nasikia Gichohi ameshapata muhuri mwingine.
Nambari yake naijua, tulisoma darasa moja,
aliwahi kunikopesha nauli.
Nimeiandika kwenye barua ninayomwachia Chelagat.
Anaisoma, hacheki tena. Ananisukumia fomu.

Fomu ina kisanduku cha aliyeandika,
cha aliyekagua, cha aliyelipa.
Cha aliyesikia hakuna.
Nimemwandika pembeni, kwa kalamu,
Mutunga, shimo la tatu, mita ya saba.
Kisha nikagonga.