Hewa Kwenye Paipu

Injini ya kwanza ilifia Makupa, saa nane mchana,
radieta ikitokota kama maji ya ugali
na mimi nimepakata keki ya harusi ya watu, ghorofa tatu,
maua ya sukari yakiniteleza mapajani moja moja.
Shebwana hakusema kitu. Alifunga boneti polepole
kama mtu anayemfunika maiti shuka,
nikajua papo hapo: huyu hanunui gari jingine.

Wiki ya pili mkokoteni uliingia uani kwetu Mikindani
na chuma kilichoviringwa magunia.
"Dizeli," akasema. "Ya tabo. Imetoka kwa Corsa
iliyogongwa nyuma. Mbele nzima kama yai."
Yai gani linalovuja weusi kwenye sakafu
niliyoipiga deki alfajiri?

Tukakaa nayo, mgeni asiyeaga, Rajabu nzima,
chini ya kamba ya nguo. Watoto wakaiita Bi Mnono.
Mama Nzilani akachungulia ukutani:
"Mwafungua kinu?"
Nikamwambia bado twatafuta mahindi.

Jumamosi wakaja wawili:
Katana, mwenye mkono unaofika pasipofikika,
na Mutiso wa kuchomelea, ambaye hukata
kisha ndipo hupima.
Boriti tatu za mkoko zikafungwa vichwa,
mnyororo katikati,
na Bi Mnono akapaa, akayumba, akajizungusha
juu ya Starlet iliyoachama mdomo,
nyekundu iliyochoka kuwa nyekundu.

"Shusha. Shusha. Ngoja! Pandisha unywele mmoja."
Mguu wa kulia ukakataa kukaa. Wakaukata, wakauunga.
Giaboksi ikaingia kwa matusi; watoto nikawatia ndani.
Waya zilizobaki zilijaa ndoo
na kila mmoja aliapa hazikuwa na kazi.

Magharibi, boneti ikagoma kufunga.
Tabo imechomoza vidole vinne
kama goti la mtoto chini ya shuka.
Wakanywa chai, wakaitazama.
Nikaenda jikoni, nikatoa tini yangu ya keki, ya inchi kumi,
ile iliyokwisha kupinda,
nikaiweka kifudifudi juu ya lile goti.
Mutiso akavaa miwani yake bila neno.

Kuwasha ndiko kulikoleta kesi.
Starta ikalia hata betri ikaishiwa pumzi.
Moshi mweupe, kikohozi, kimya.
Wakalaumu nozeli, pampu, aliyeuza,
na mama wa aliyeuza.

Mimi nimekulia Jomvu, nyuma ya mashine ya kusaga ya baba.
Kabla ya chuo, kila asubuhi, kazi yangu ilikuwa moja:
kulegeza nati, kubonyeza pampu ya mkono
mpaka povu liishe, dizeli ije nyembamba kama uzi.
Hili Shebwana hakulijua. Miaka kumi na tisa ya ndoa
hakuuliza, nami sikuwa na sababu.

"Ina hewa," nikasema.
Wakageuka wote watatu.
Nikataka spana kumi na saba.
Katana akanipa kumi na nne; nikamrudishia bila kumtazama.

Povu.
Povu.
Povu dogo.
Uzi.

"Ngoja taa ya hita izimike. Haya."

Ikashika. Sufuria zikatetemeka kabatini,
paka akaruka ukuta,
na Mama Nzilani, gizani, kwa sauti ya kuamsha mtaa:
"Mahindi yamepatikana!"

Usiku Shebwana alinawa kwa sabuni ya unga na sukari,
akisugua kucha, akisugua, mgongo kwangu.
"Na lipi jingine," akauliza, "ambalo hujaniambia?"

Nilikuwa nimeshika kichupa cha rangi ya kucha,
natoka nje kuandika DIZELI
kwenye kifuniko cha tanki.
Maana yeye namjua. Atasahau.