Saa Moja Iliyoliwa Njiani

Karatasi nimechapisha kwa Mrutu, shilingi mia tatu.
Wino umefifia penye jina lako
lakini saa zinasomeka:
kuondoka Bangkok, saa tatu asubuhi;
kufika Singapore, saa sita na dakika ishirini;
muda wa kuruka, saa mbili na dakika ishirini.

Nimehesabu kwa vidole, nikarudia kwa punje za mahindi.
Tatu mpaka sita na ishirini ni saa tatu na ishirini.
Moja imekwenda wapi, Naishorua?
Mimi ni muuza makande, Kilombero.
Chenji ikipungua shilingi hamsini
sahani inarudishwa na maneno.

Mrutu akacheka. Mama, saa zao hazilingani,
Singapore wako mbele, ukitua unasogeza mshale.
Nikamwambia sawa.
Lakini kilichosogezwa kimewekwa wapi,
hakunijibu, alikuwa na foleni ya vyeti vya kuzaliwa.

Huku Kijenge ni saa kumi na moja alfajiri unapopaa.
Mlima haujaonekana.
Mbwa wa Laizer anakohoa kama mtu mzima.
Natia mahindi na maharage chunguni
dakika ile ile, kwa hesabu yangu,
magurudumu yako yanapoacha ardhi.

Kilomita elfu moja na mia nne na ushee.
Ni Arusha mpaka Dar, ugeuze, urudi,
upitilize Moshi kumsalimu mama yako mdogo,
umkute kaenda msibani.
Kwa basi hiyo ni siku mbili na miguu iliyovimba.
Wewe unakwenda na kikombe cha maji kisichomwagika,
na kwenye kitambaa, vijiwe vya Mererani
ambavyo baba yako alivichungulia juani, hapa mlangoni,
vikiwa na udongo, akaviuza kwa bei ya udongo.
Sasa vina kona zako.

Kumi na mbili. Povu la kwanza, naliengua.
Nadhani uko juu ya maji,
ramani ya Mrutu ilikuwa buluu pale katikati.
Kumi na mbili na nusu, nachota harage moja, naliminya.
Gumu.
Saa moja. Jua limegusa Meru,
siku imeanza kuhesabiwa upya kana kwamba hukuwahi kuondoka.
Moja na ishirini.
Gumu.

Moja na ishirini na saba simu inatetemeka juu ya gunia.
Nimetua.
Hujaandika shikamoo. Haidhuru.

Basi umbali wa miji hiyo miwili nimeujua:
haufiki kuivisha makande.
Naongeza maji, nasogeza ukuni.
Madalali wa mawe watafika saa nne na njaa zao,
watauliza habari zako, nitasema yuko Singapore,
kana kwamba ni Sakina.

Mrutu anadai ukirudi Bangkok
utaikuta ile saa ulipoiacha.
Usiitumie huko.
Njoo nayo, uketi nayo hapa jikoni,
maharage ya mwaka huu ni sugu.