Sauti ya Silinda ya Tatu

Niliinunua kwa Lorne Hrycak, aliyenyunyizia ngano dawa
miaka thelathini, mpaka goti lilipogoma.
Viti viwili, rangi ya maziwa yaliyochacha,
imenizidi umri kwa miaka minne.
Tulipeana mikono juu ya bawa, hundi ikipepea,
naye akasema neno moja tu: "Panya."
Nilidhani ndilo jina la ndege.

Leseni yangu ina wiki sita.
Kazi yangu ni kurekebisha piano:
makanisa, shule, sebule za wajane
katika miji ya Saskatchewan ambayo reli imeisahau.
Nina ufunguo wa nyuzi, nyundo ndogo, na sikio
linaloamka usiku friji ikibadili noti.

Ndege ya shule niliirusha kwa moyo mkunjufu:
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Ikitoa moshi, ni yao. Ikilia, yupo mtu mwenye ovaroli.
Hii ikikohoa, nakohoa.

Wiki ya kwanza sikuruka hata shubiri.
Nilikaa kwenye hanga, mlango wazi, nikisoma bili:
bima, pango, tairi la mkia,
na ukaguzi wa mwaka, uliolipita gari langu thamani.
Bernadette Ouellette, fundi, alizamisha mkono bawani hadi kwapa,
akatoa kiota: pamba, maganda ya alizeti,
kipande cha risiti ya duka la mbegu.
"Panya," nikasema.
"Mkojo wao hula bati. Anaumwa wapi pengine?"
Huzungumza hivyo, kama daktari wa mifugo.
Nikacheka.

Asubuhi ya kwanza ya peke yangu
nilikinga mafuta kwenye kikombe cha kioo, nikayainua juani:
buluu, safi, bila tone la maji chini.
Nikayakinga tena. Mara ya tatu
nikajua ninachotafuta si maji,
ni kisingizio.

Kisha nyasi zikaanza kukimbia,
na ardhi ikaniachia bila kuaga.
Mashamba ya kanola, njano ya kuumiza macho;
maghala ya nafaka kando ya reli,
majina ya miji yameandikwa ubavuni
kama watoto waliobandikwa vitambulisho siku ya kwanza ya shule.

Mlango wa kulia ukafunguka.
Hivyo tu. Ramani yangu ikatoka
kwenda kuishi na mkulima nisiyemjua.
Nilifundishwa: rusha ndege kwanza, mlango baadaye.
Hawakunifundisha upepo utalia noti gani.
Ilikuwa Re, imeshuka kidogo.
Nikaifuata kwa mdomo uliofumbwa, nikiivuta juu, juu,
mpaka mikono ikaacha kutetemeka.
Nilipoinama kusoma ubavu wa ghala
nilikuwa nimeupita mji wangu kwa miji miwili.

Nilitua mara tatu kwa mkupuo mmoja.
Mzee aliyekuwa akikata nyasi alizima mashine
akanihesabia kwa vidole.

Piano ya kanisa ilikuwa na funguo saba zilizokufa.
Nililipwa dola mia na arobaini, na chupa ya matango ya siki.
Mafuta, kwenda na kurudi: mia na themanini na sita.
Mama, kwa simu: "Ungeendesha gari."
Ningeendesha.

Njiani kurudi, mishale yote ikiwa kwenye kijani,
nilisikia kitu. Si kishindo. Uchelewaji,
kama mwanakwaya mmoja anayevuta pumzi
mahali ambapo wengine hawavuti.
Nikamweleza Bernadette: silinda ya tatu.
Akafungua, akashika plagi kwenye mwanga.
Ufa, mwembamba kama unywele.
"Vipimo havikuonyesha. Umejuaje?"
"Amebadili sauti," nikasema,
na neno likabaki hapo kati yetu, juu ya injini,
likitoa mvuke.

Aliniangalia juu ya miwani. Hakucheka.
Akanipa tochi nimshikie.
Ndani ya bawa la kushoto
kitu kikakwaruza.